Tanuri la Mteja Mmoja

Kaka yangu Mbaluka alipenda kusema kwamba sisi hatuna wateja, sisi tuna serikali. Alilisema mazishini, kanisani, hata kwa mhudumu wa hoteli aliyemwuliza tu kama anataka chapati. Yeye aliona ni sifa. Mimi niliona ni kama mtu anayejivunia nyumba iliyosimama kwa nguzo moja.

Tanuri lenyewe lilikuwa kwenye shamba tuliloachiwa na baba, nyuma ya Kathonzweni, mahali pakavu ambapo hata mbaazi hukataa. Tulichoma taka za hospitali: sindano, bandeji, chupa za damu, dawa zilizopitwa na wakati. Vitu hivyo havitupwi jalalani wala havizikwi shimoni. Vinataka moto mkali, bomba refu na mtu mwenye leseni. Leseni ilikuwa kwa jina langu, Mbinya, kwa sababu mimi ndiye niliyesomea afya ya mazingira. Mbaluka alisimamia kitu alichokiita mahusiano. Mahusiano yalikuwa suti ya bluu, na kuzurura kwenye korido za kaunti akicheka kabla mkubwa hajamaliza mzaha. Kaunti yenyewe siitaji jina. Wanajijua.

Kila mfuko uliofika kwetu ulitoka hospitali za kaunti. Nilimwambia Mbaluka mara nyingi tutafute kliniki za kibinafsi, madaktari wa meno, maduka ya dawa.

"Wewe choma," alinijibu. "Kuongea na watu niachie mimi."

Siku moja alikuja Nadifa, mama kutoka Kyuso. Watu wake ni wafanyabiashara wa mifugo, na yeye ana maduka ya dawa za wanyama huko kaskazini. Stoo yake ilikuwa imejaa dawa zilizoharibika, na wakaguzi walikuwa wamemwambia aziteketeze kwa njia halali. Aliendesha pikapu yake mwenyewe barabara yote ile. Mbaluka alimwacha langoni juani mpaka akamaliza chai, kisha akatoka akijipangusa mdomo.

"Mama, hii ni kampuni ya serikali. Vitu vya mbuzi tafuta shimo."

Nadifa alimtazama kuanzia viatu mpaka tai. Akageuka kurudi kwenye pikapu. Nilimfuata kwenye gari nikamwomba radhi.

"Wewe hujakosa kitu, dada," alisema akiniandikia namba yake. "Lakini huyo, siku serikali ikimtoka, atakula nini?"

Ukawa mwaka wa uchaguzi, gavana akabadilika, na mkataba wetu ukaisha mwezi uo huo. Afisa mkuu mpya wa afya, jina lake Kitonga, aliipa kazi kampuni ya shemeji yake Mulinge. Kampuni hiyo ilikuwa na lori la kukodi na kibao kizuri kilichopakwa rangi ya kijani. Tanuri haikuwa nalo. Hakuna aliyeuliza wangechomea wapi, kwa maana wa kuuliza alikuwa Kitonga.

Mbaluka aliamini ni makosa ya makarani. Alinunua beberu mnene akampeleka kwenye harambee ya kanisa ambako Kitonga alikuwa mgeni wa heshima. Akakaa mbele, akaimba kuliko kwaya. Kitonga alipokea mbuzi akamshukuru "yule mzee wa Kathonzweni." Jina hakulijua. Alipokuwa akiondoka, kaka yangu alikimbia kando ya gari, mkono mmoja umeshika dirisha.

"Mheshimiwa, ni mimi Mbaluka! Wa tanuri!"

"Njoo ofisini," Kitonga alisema, na kioo kikapanda. Ilibidi Mbaluka atoe vidole haraka.

Alirudi nyumbani akiwa na furaha. "Umesikia, Mbinya? Ameniita ofisini!" Nimeona mbwa wakifukuzwa jikoni wakaondoka na heshima zaidi.

Akaenda ofisini. Akaenda tena na tena, akakaa kwenye benchi la wageni mpaka askari wa mlangoni wakaanza kumtuma maji. Nyumbani tanuri lilipoa. Wafanyakazi tuliwarudisha makwao, nami nikawa nauza sokoni ndengu alizovuna mama yetu ili tuishi.

Kiangazi kilipokaza, watu wetu waliteremka mtoni kuchimba maji kwenye mchanga, kama kila mwaka. Jirani yetu Kasyoki, mama mjane, alikuwa akifukua kwa mikono alipogusa plastiki nyekundu. Alidhani ni takataka ya kawaida, akaivuta. Sindano ikamwingia kwenye kiganja. Chini ya mfuko huo kulikuwa na mwingine, na mwingine. Kumbe shemeji wa mkubwa alikuwa amepata tanuri lake: mto tunaokunywa.

Nilimkimbiza Kasyoki hospitalini apewe vile vidonge vya kuzuia virusi ambavyo lazima vianzwe mapema. Nesi aliyetupatia vidonge hakututazama machoni. Aliijua mifuko hiyo. Pengine aliifunga kwa mikono yake.

"Mbinya," Kasyoki aliniuliza njiani, "ugonjwa unaweza kulala kwa mchanga ukingoja mtu?"

"Si rahisi, mwaitu, mama yangu, lakini ndiyo maana unameza hivi."

Aliutazama mkono wake kama kwamba ni wa mtu mwingine. "Mimi nilikuwa nataka maji tu."

Picha za mifuko zilikwisha kujaa kwenye simu za watu. Wanakijiji wakaanza kudai kumwona gavana. Hapo ndipo tukakumbukwa. Adhuhuri moja lori lilisimama langoni likiwa limejaa mifuko yenye mchanga, na nyuma yake gari la Kitonga. Alishuka na Mulinge, wote wawili wamejifunika pua kwa leso. Uvundo wenyewe walikuja nao.

"Mbinya, dada yangu," Kitonga alisema. Jina langu alikuwa amelitazama kwenye simu kabla ya kushuka, nilimwona. "Tunataka mtusaidie. Mchome taka hizi, halafu utuandikie cheti kinachosema mlizipokea tangu mwaka jana. Kama kuna chache zilizoanguka njiani, hayo ni mambo ya vijana wenu. Mkataba mpya niko nao kwenye gari."

Mbaluka alikwisha kutoa kalamu mfukoni. "Sema asante, Mbinya," alininong'oneza.

"Hicho cheti kinasema sisi ndio tuliozitupa mtoni."

"Ni karatasi tu," Kitonga alisema. "Inaingia kwa faili, nani ataisoma? Kazi ndiyo mnahitaji."

Nilimtazama kaka yangu, kalamu mkononi, akitabasamu kama bwana harusi. Nikamwambia dereva, "Shusha."

Walifurahi wote. Mulinge hata alinipigia makofi kidogo. Dereva na mwenzake walishusha mfuko kwa mfuko, nami nikaingia ndani nikampigia afisa wa afya ya umma wa tarafa, nikamtuma mtu amwite Kasyoki. Mfuko wa mwisho ulipofika chini, nikatoka.

"Nitachoma zote, na sitaki hata senti," nilisema. "Cheti nitaandika tarehe ya leo na mahali zilipotoka. Nitaandika mtoni. Kasyoki atasimama hapa aone, na afisa wa tarafa yuko njiani."

Leso ilimwanguka Kitonga. "Pakia!" alimwamrisha dereva. "Rudisha zote!"

Dereva alijipangusa mikono kwenye suruali. "Hizo mimi sigusi tena, mkubwa. Mlikuwa mmeniambia ni mbolea."

"Basi Mulinge, pakia wewe!"

Mulinge alipiga hatua moja kuelekea mifuko. Akaona sindano iliyochomoza kwenye plastiki, akatazama viatu vyake vinavyong'aa, akarudi nyuma. Hiyo ndiyo kampuni iliyokuwa imekabidhiwa afya ya watu.

"Kaunti hii hamtaiona tena," Kitonga aliniambia.

"Naiona hapa chini," nilimjibu. "Imefungwa kwa mifuko myekundu."

Mbaluka aliniita muuaji. Alilia kweli, machozi yakidondokea tai, kisha akakimbilia gari la Kitonga kuomba msamaha kwa niaba ya ukoo mzima. Hapakuwa na nafasi ndani, au walisema hapana. Akapanda nyuma ya lori tupu, suti na yote, akaenda nao. Sasa ni mshauri wa kampuni ya Mulinge. Anashauri nini sijui, labda namna ya kukaa kwenye benchi.

Niliwasha tanuri jioni hiyo mbele ya afisa wa tarafa, na kufikia mchana uliofuata mifuko yote ilikuwa imekwisha. Kasyoki alisimama na mkono wake uliofungwa, akitazama moshi. Vipimo vyake baadaye vilitoka safi, na siku hiyo ndiyo ya kwanza niliyomsikia akicheka tena. Kitonga naye hakufungwa. Alihamishwa idara ya maji. Hicho ndicho wanachokiita kuchukua hatua.

Hospitali za kaunti hazikurudi kwangu. Niliendesha gari mpaka Kyuso, nikamkuta Nadifa dukani. Alisikiliza yote mpaka mwisho huku akihudumia wateja.

"Nitakuletea dawa zangu," alisema. "Lakini si zote. Nyingine zinaenda Nairobi na zitaendelea kwenda."

Nilidhani ananiadhibu kwa makosa ya Mbaluka, nikamwambia hivyo.

"Ningetaka kukuadhibu ningekuletea zote," alijibu. "Siku mimi nikifunga duka, wewe pia ungefunga. Tafuta wengine, dada."

Nilipitia Kitui mjini wakati wa kurudi, nikaanza kubisha milango ya kliniki. Wa kwanza alisema anachoma nyuma ya choo. Wa pili aliniuliza ni nani mkubwa ninayemjua. Wengine hawakunifungulia. Kwa daktari mmoja wa meno, mwanamke aitwaye Yvonne, nilipewa ndoo moja iliyojaa sindano na meno yaliyong'olewa. Alikuwa ameiweka chini ya meza kwa muda mrefu, akiogopa kuitupa.

"Hii peke yake itakufaa kweli?" aliuliza kwa aibu.

Nilimwambia itanifaa. Nikaifunika, nikaifunga kwa kamba nyuma ya gari, nikamwuliza kliniki nyingine iliyo karibu iko mtaa gani.