Klachi ya Mama Linet

Jumatano asubuhi, siku nne kabla ya harusi ya Persis, klachi ya gari la marehemu mzee Mokua ilikata kauli. Mwalimu Jasper Ondieki alikanyaga pedali, ikaenda mpaka chini bila ubishi, na haikurudi. Akainama, akaiinua kwa mkono, akakanyaga tena. Ikalala vilevile.

"Imefanya nini?" mkewe Damaris, Mama Linet, aliuliza kutoka mlangoni.

"Haijafanya kitu. Hiyo ndiyo shida."

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la mwaka 1965, rangi ya chai ya maziwa. Mzee Mokua, baba yao Damaris na Persis, aliliendesha miaka thelathini bila kumruhusu binti yake hata mmoja aguse usukani. Alipofariki lilimwangukia Jasper, kwa kuwa ndiye mtu aliyekuwa amesimama karibu zaidi na funguo siku ya mazishi.

Persis, mdogo wake Damaris, alikuwa na miaka hamsini na saba na hajawahi kuolewa. Watu wa kijiji chao cha Sironga walikuwa wameshachoka kumwuliza. Sasa alikuwa amempata Fred Machogu wa Birongo, mfuga nyuki aliyefiwa na mkewe zamani, mtu mpole asiyemaliza sentensi. Persis hakutaka keki ya ghorofa wala hema la pazia. Aliomba kitu kimoja tu: apelekwe kanisani Birongo kwa gari la baba, amekaa nyuma kushoto, palepale alipokaa utotoni.

Jasper alipiga simu duka la vipuri Nairobi. Silinda ya klachi ya gari kama hilo, wakamwambia, itaagizwa ng'ambo, miezi mitatu.

"Harusi ni Jumapili," Jasper akasema.

"Jumapili gani?" mwuzaji akauliza kwa matumaini.

Basi Jasper akaamua kujitengenezea. Alikuwa amefundisha useremala miaka thelathini na moja, na hakuamini kwamba kuna kitu kinachomshinda mtu mwenye tupa na subira. Alifungua silinda, akakuta pistoni imeliwa na kutu na raba zake zimekatikakatika. Akamweleza mkewe kama anayefundisha kidato cha kwanza: klachi hii haina waya, ni ya mafuta. Ukikanyaga, pistoni inasukuma mafuta kwenye mfereji mwembamba, mafuta yanasukuma chuma upande wa pili, injini inaachana na magurudumu kidogo, ndipo unabadilisha gia au unasimama. Mafuta yakivuja, hakuna kuachana.

"Kama sisi," Damaris akasema, akarudi jikoni.

Pistoni ya kwanza ilitengenezwa kwa jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea vinyago, na mchongaji wa Kisii aliyekuwa rafiki yake Jasper. Mchongaji alifuata vipimo vyote, ila mkono wake uliozoea kuchongea watalii ulishindwa kujizuia, na mwisho mmoja wa pistoni ukawa kichwa cha kiboko. "Kichwa hakidhuru," Jasper alisema. Gari lilienda mita arobaini. Kiboko akapasuka katikati, gari likagoma mbele ya boma la jirani, na ng'ombe wa jirani wakaja kulinusa.

Alhamisi akakata raba kutoka kwenye gambuti lake la kushoto. Kwa kuwa mafuta ya breki yalikuwa yamemwishia, akajaza ya kupikia. Kufikia saa kumi raba ilikuwa imevimba kama andazi, na ilibidi itolewe kwa nyundo na matusi ya Kikristo.

Ijumaa asubuhi Damaris alikuta bomba lake la sindano juu ya meza ya mumewe. Kwa miaka ishirini alikuwa na duka la dawa za mifugo Keroka, na bomba hilo la chuma, nene kama gunzi la mahindi, ndilo alilochanjia ng'ombe wa nusu ya Nyamira.

"Mwalimu, hilo ni langu."

"Najua, Mama Linet. Tazama lakini. Halivuji hata tone."

"Limetoka kabatini kwangu. Kabati lina kufuli."

"Kufuli nalo nililitazama," Jasper akasema, akiangalia pembeni.

Damaris angeweza kumnyang'anya. Lakini alimfikiria Persis, ambaye alikuwa amemwuguza shangazi yao mgonjwa, amemlisha baba yao uji miaka sita, na hajawahi kuomba cha mtu. "Basi lisikae na mtu mwingine," akasema. "Likienda, nami naenda."

Ikawa hivyo, tena kwa lazima. Bomba lilikuwa refu mno, halikuingia penye pedali. Jasper alilifunga kwa nati sakafuni mbele ya kiti cha abiria, akaliunganisha na mfereji wa klachi, akalijaza mafuta ya breki aliyoazima kwa fundi wa pikipiki, kisha akaliwekea mpini wa jembe ili liwe na nguvu. Dereva angeshika usukani na gia. Anayekaa kushoto angevuta mpini kwa mikono miwili. Walifanya mazoezi kwenye uwanja wa mpira mpaka jua lilipokaribia kuzama na Sabato kuingia, maana wao ni Wasabato. Jasper alisema "Vuta," Damaris akavuta. Alisema "Achia," akaachia. Gari lilitii kama mbuzi wa kamba. Shida ilibaki moja: stata ya kuwashia injini ilikuwa imechoka, na injini ikizimika, gari lilitaka watu sita wa kulisukuma.

Jumapili saa tatu waliondoka, Persis nyuma kushoto ndani ya gauni jeupe, shada la maua mapajani. Mpaka karibu na Keroka mambo yalikuwa shwari. Hapo kwenye mlima, gia zikalia kama debe linalokwaruzwa.

"Umechelewa," Jasper akasema.

"Umechelewa kuniambia."

"Nimesema moja, mbili, tatu. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaelewa moja, mbili, tatu. Tena huu mpini unavutwa, haupapaswi. Angekuwa mwanamume hapo, tungekuwa tumefika."

Damaris aliutazama mpini, akaitazama mikono yake iliyokwisha kuota malengelenge, akaikunja kifuani. Kulikuwa na utulivu wa ajabu ndani yake, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Vuta," Jasper akasema.

Mpini haukusogea.

"Mama Linet, tunaingia mjini. Vuta."

Wakaingia Keroka na gia ya pili. Mbele kulikuwa na lori lililosimama likishusha ndizi, na nyuma yake msururu. Kusimama hakungewezekana bila kuzima injini. Jasper akakata kona, akaingia kituo cha petroli, na kwa kuwa hakuwa na pa kutokea, akaanza kuzunguka pampu.

Alizunguka mara moja. Akazunguka mara ya pili. Katika mzunguko wa tatu wanabodaboda walikuwa wameshakusanyika na kuanza kupiga honi, wakidhani ni desturi mpya ya maharusi. Mama mmoja muuza parachichi akapiga vigelegele kila gauni jeupe lilipopita.

"Dada," Persis akasema kwa upole kutoka nyuma, "nakuunga mkono kabisa. Nauliza tu, tutafika leo?"

"Muulize mwanamume aliyeko mbele."

Ndipo akatokea afisa wa trafiki aliyeitwa Mogaka, mtu mnene mwenye kofia nyeupe. Aliinua mkono. Gari likampita. Likarudi, likampita tena. Akaanza kutembea kando yake, mkono mmoja kwenye dirisha.

"Simamisha gari, mzee!"

"Siwezi, afande, mpaka mke wangu anisamehe!"

Mogaka alitembea hatua kadhaa akilitafakari hilo. Aliutazama mpini wa jembe, bomba la ng'ombe, na mama aliyekunja mikono. Akazunguka nyuma ya gari, akalikimbilia mpaka upande wa kushoto.

"Mama," akasema akihema, "kwa niaba ya serikali, msamehe."

"Serikali inajua alichosema?"

"Alisema nini?"

Damaris akamweleza. Uso wa Mogaka ukakunjamana. Alikuwa ameoa. "Mzee," akaita juu ya paa la gari, "hayo maneno hayakufaa!"

"Nayafuta!" Jasper akapiga kelele. Jasho lilimtoka mpaka kwenye tai. "Mama Linet, umevuta vizuri kuliko mtu yeyote! Mimi ndiye nilichelewa! Na kufuli, kufuli nililivunja, nisamehe na hilo!"

Wanabodaboda wakashangilia. Damaris alihisi kicheko kikimpanda kutoka tumboni na akakizuia kwa meno. Alimwacha mumewe azunguke mara moja zaidi, kwa ajili ya kufuli, kisha akashika mpini na kuvuta. Jasper akakanyaga breki. Gari likasimama, injini ikinguruma taratibu kana kwamba hakuna lililotokea.

Mogaka alijifuta jasho, akatoa kalamu. "Nani anaendesha gari hili?"

"Mimi," Jasper akasema.

"Wewe umeshindwa kulisimamisha."

"Basi mimi," Damaris akasema.

"Una leseni?"

"Sina."

Mogaka akarudisha kalamu, akaitoa tena. "Mwenye leseni hawezi kusimamisha gari," akasema polepole, "na anayeweza kulisimamisha hana leseni. Wanaoendesha ni wawili, leseni ni moja. Siwezi kuwaachilia."

"Mimi ninayo," Persis akasema.

Wote wakageuka. Persis aliingiza mkono kwenye soksi yake nyeupe, akatoa leseni. "Niliendesha lori la majani chai miaka kumi na tisa, upande wa Kericho, kabla sijarudi kumtunza Baba," akasema. "Nilikuwa nawaambia nyumbani kwamba mimi ni karani. Baba angeumia."

Damaris alimkazia macho mdogo wake. Miaka kumi na tisa! Likizo zote zile, mikono ile migumu, na hakuna aliyeuliza karani gani ana mabega kama yale.

Mogaka alihesabu kwa vidole. Waendeshaji wawili, leseni mbili ndani ya gari. Hesabu ilikuwa sawa. Kuhusu nani akae wapi, alisema hakumbuki kifungu. Jasper akashuka, akaketi nyuma kushoto, shada la maua mapajani. Persis akakusanya gauni lake, akaketi mbele ya usukani uliokatazwa, akavua viatu.

"Utaniambia lini nivute?" Damaris akauliza.

"Utajua, dada."

Na kweli alijua. Persis alivuta pumzi, Damaris akavuta mpini, gia ikaingia bila sauti. Kutoka Keroka mpaka Birongo hawakusema neno, na injini haikulalamika hata kwenye mlima. Mara moja tu Damaris aliangalia kando, akaona machozi yakimshuka Persis huku akitabasamu, naye akarudisha macho barabarani, maana kona ilikuwa inakuja.

Kanisani kwaya ilikuwa imepangwa tayari kwa saa nzima. Kiongozi wa kwaya aliona gari, akainua mkono, nyimbo zikaanza. Akina mama wakavua leso zao viunoni, wakazitandika kutoka mlango wa nyuma kushoto mpaka ngazi za kanisa, wakafungua mlango kwa vigelegele, na Mwalimu Jasper Ondieki akashuka na maua. Alipoona leso hakujua afanye nini, akatembea juu yake. Walimrushia maua ya njano mpaka mlangoni, ambako Fred Machogu alikuwa amesimama na suti mpya.

"Shemeji," Fred akasema, "mimi nilidhani..."

"Anakuja," Jasper akasema, akampa shada, akasogea pembeni.

Persis alishuka upande wa dereva bila viatu, akipangusa grisi kwenye kidole cha pete. Fred alimtazama, akalitazama gari, na kwa mara ya kwanza akamaliza sentensi: "Utanifundisha na mimi."

Baada ya ibada maharusi waliondoka na pikapu ya Fred ya kubebea mizinga ya nyuki. Gari likabaki kando ya kanisa, kwa kuwa leseni iliyosalia ilikuwa moja. Damaris na Jasper walirudi Sironga kwa lori la kwaya, wamesimama katikati ya waimbaji wa sauti ya pili na ya tatu. Jasper alimpakulia pilau iliyofungwa kwenye jani la mgomba, akamshikia jani ale, maana mikono yake ilikuwa inauma. Kila lori liliporuka shimo, alimshika bega asianguke. Walipopita Keroka kwaya ilianza wimbo mwingine, na Damaris, mdomo umejaa, akaimba nao.