Siku Mabruka Alipolipa Bei ya Kwanza

Katika soko la Humt Suk, kisiwani Jerba, wenye maduka walimwita Mabruka Mkasi, na wala hawakumwita hivyo kwa kificho. Alikuwa akiingia dukani na kofia yake ya ukindu juu ya shuka jeupe alilojitanda, anagusa kila kitu isipokuwa kile anachokitaka, anauliza bei, kisha anashusha pumzi kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Hapo muuzaji hupunguza kabla hajaombwa. Akishapunguza, ndipo Mabruka anapoanza kazi. Na bei ikishafika chini kabisa, pale muuzaji anapoapa kwamba sasa anauza kwa hasara, yeye hunyoosha mkono na kuuliza, "Na nyongeza?" Hakuwahi kutoka dukani bila nyongeza: kifuniko, kijiko, hata kipande cha uzi. Muuza taa mmoja alimpa taa nzima ili mradi aende zake.

Jambo hilo alijivunia kuliko mizeituni aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kwa hiyo Rim, bintiye wa pekee, alipomtaka aape kwamba kesho hatavutana bei na mtu, Mabruka alimshika paji la uso aone kama ana homa.

Rim hakuwa na homa. Alikuwa anampenda Nizar, mwana wa mzee Sasi mfumaji, na posa ilikuwa imekwama kwa mzee Sasi mwenyewe. Mzee hakukataa wala hakukubali. Alisema tu kwamba mama wa binti aje dukani kwake achague blanketi la harusi, na wakishaonana atatoa jibu lake. Rim akaingiwa na hofu. Mdogo wake mzee Sasi, mfua shaba, aliwahi kumuuzia Mabruka sinia mwaka juzi, akalala kitandani siku tatu.

"Mara hii tu, mama. Akitaja bei, wewe lipa."

"Bei ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Kama Mjerumani aliyeshuka kwenye basi?"

"Kama mama anayetaka mwanawe aolewe."

Mabruka akaapa, na usiku huo hakula.

Asubuhi alishuka ngazi tano za karakana ya mzee Sasi, maana wafumaji wa Jerba hufanya kazi nusu chini ya ardhi, sufu isikauke. Mzee alikuwa amefagia, amechemsha chai ya mnanaa, na wateja wengine amewaambia warudi kesho. Kulikuwa na vigoda viwili ukutani, muuza viatu kwenye kimoja na muuza viungo kwenye kingine, wote wamevaa mavazi ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Nizar alikuwa nyuma ya kitanda cha kufumia, anajifanya kufunga nyuzi. Mabruka alidhani wale majirani wameitwa kuwa mashahidi wa aibu yake. Hakuwaza zaidi ya hapo, na alikosea.

Mzee Sasi akatandaza blanketi jeupe lenye milia ya rangi ya zabibu. Lilikuwa zuri. Bei yake Mabruka angeitaja akiwa usingizini: dinari mia mbili, na hapo ni kumpendelea mfumaji.

"Mia sita," alisema mzee Sasi, akaegemea ukuta na kusubiri.

Majibu saba yalimjia Mabruka mdomoni kwa pamoja, na la kwanza lilimhusu mama yake mzee Sasi. Lakini ahadi ni deni. Akayameza yote saba.

"Sawa," akasema.

Muuza viungo alijimwagia chai. Mzee Sasi akauliza kwa upole kama bibi amesikia vizuri. Bibi alikuwa amesikia. Mzee akapapasa ndevu, akasema kumbe amesahau kuihesabu rangi, kwa hiyo ni mia saba. Mabruka akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Mzee akamtazama, akaongeza hamsini nyingine, kwa sababu kondoo aliyetoa sufu ile alikuwa wa ukoo bora.

"Mungu amrehemu," alisema Mabruka, akafungua kifundo cha pesa zote za harusi na kulipa.

Uso wa mzee Sasi ulifungika. Alilizungushia blanketi magazeti, akalifunga kwa kamba, na juu yake akaweka ngamia mdogo wa udongo kutoka kijiji cha wafinyanzi cha Galala, wale wanaopewa watalii wa mabasi.

"Safari njema," akamwambia.

Mabruka alifika kwenye soko la samaki ndipo alipoyasikia vizuri maneno hayo. Kwa miaka arobaini hakuna mtu sokoni pale aliyewahi kumtakia safari njema. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi.

Alimkuta Rim analia, simu mkononi. Nizar alikuwa amekwisha kumweleza. Baba yake amefunga duka na kulala humo humo akiwa amegeukia ukutani. Anasema mwanamke yule ana ulimi unaojulikana kisiwa kizima, na yeye peke yake ndiye aliyefichwa ulimi huo. Muuza vitunguu anavutwa bei, yeye hakuonekana mtu wa kuvutwa. Alipaye bei ya kwanza ni mgeni asiyetaka kurudi, sasa undugu gani huo? Wiki nzima mzee alikuwa akijizoeza majibu mbele ya kioo.

Mabruka alijikasirikia kweli kweli, kwa kuwa mambo hayo aliyajua tangu utotoni. Kama yeye ndiye angekuwa muuzaji, mteja wa namna hiyo angemtoa mbio.

"Rudi ukavutane naye," Rim alisema.

"Nimeshalipa. Nani aliyewahi kuvutana bei ya kitu alichokwisha kulipia?"

"Wewe, mama. Leo."

Mabruka akajitwika blanketi kichwani, kofia na yote, akatangulia, Rim nyuma yake. Mlango wa mzee Sasi aliugonga kwa ngamia. Mzee alifungua, nywele zimesimama upande mmoja.

"Mzee Sasi, nimefika nyumbani nikavaa miwani," alisema Mabruka. "Hili ni blanketi au wavu wa samaki?"

Mzee alijitahidi kubaki na hasira, lakini pembe ya mdomo ilimsaliti.

"Miwani yenyewe umenunua kwa bei zako zile," akajibu. "Yaliyotoboka ni hayo macho ya bandia, blanketi langu ni zima."

Walivutana mpaka adhuhuri ikapita. Mabruka alipanda ngazi mara nne kuondoka, na mara nne akaitwa. Mara ya tano hakuitwa, ikabidi arudi mwenyewe kutafuta kofia iliyokuwa kichwani mwake. Mzee alileta mgongo wake unaouma na jina la marehemu babu yake. Mabruka akaleta ujane na ukame. Vigoda vilirudi ukutani, na muuza viatu akaagiza chakula cha mchana kiletwe pale pale. Bei ilifika mia na tisini na tano, ikagoma, ikasukumwa, ikalala kwenye mia na tisini na mbili. Mzee akarudisha pesa zilizozidi huku anaguna, macho yanamng'aa. Mabruka naye alikuwa na furaha ambayo hakuionja tangu azikwe mumewe. Mzee akanyoosha mkono wamalizane. Mabruka hakuushika.

"Na nyongeza?"

"Ngamia unaye."

"Ngamia mpe anayesafiri. Mimi hapa ndipo kwetu."

"Basi unataka nini?"

Mabruka akanyoosha kidole nyuma ya kitanda cha kufumia. "Yule."

Nizar alisimama, uzi umemzunguka shingoni. Mzee Sasi alimtazama mwanawe kuanzia utosini hadi kwenye ndara, kama bidhaa iliyokaa rafuni muda mrefu.

"Huyo hawezi kuwa nyongeza," alisema. "Nimemlisha miaka ishirini na saba. Ongeza dinari kumi."

"Anakula sana, na goti lake la kushoto linalia akipanda ngazi. Tano."

"Saba."

"Sita, na kasoro zake zote nazichukua."

Rim, aliyekuwa mlangoni, alijifunika uso kwa mikono miwili na kucheka huku machozi yanamtoka. Mzee Sasi alifuta macho yake kwa kipande cha sufu, akanyoosha mkono tena.

"Sita. Lakini mali ikishauzwa hairudishwi."

"Nani amekwambia nitamrudisha?" alisema Mabruka, akaushika ule mkono.

Wakati wa kutoka, ngamia pia alimchukua.