Oili Inayofua

Mtu aliyeitunza mashine ya kusaga ya kijiji chetu kabla yangu hakujua kumwaga oili. Alijua kuongeza tu. Ikipungua aliongeza, ikipungua tena aliongeza, kama mama anayeongeza maji kwenye maharage yasiyoiva. Siku niliyokabidhiwa injini ile nilifungua kifuniko cha juu nikakuta matope meusi mazito, yameganda kila pembe kama ukoko wa ugali uliosahauliwa jikoni. Nilichota kidogo kwa kidole nikaandika ukutani herufi ya kwanza ya jina langu. Bado ipo pale.

Ulikuwa mwaka wa 1974. Kijiji chetu kiko upande wa Igowole, mkoani Iringa, ambako baridi ya mwezi wa sita huingia mpaka kwenye mifupa. Wengi tulikuwa tumehamia pale karibuni, na mashine ile ndiyo iliyowapumzisha wanawake kutwanga. Nilichaguliwa mimi kwa sababu mbili. Ya kwanza, niliwahi kuwa kibarua kwenye gereji moja kule Mbalizi. Ya pili, nilikuwa msomaji wa kigango chetu. Kila Jumapili nilisimama mbele ya waumini na kusoma somo. Mwenyekiti wetu, mzee Eliezeri, yeye ni Mlutheri, lakini alisema mkutanoni kwamba mtu anayeaminiwa kushika Biblia anaweza kuaminiwa kushika pipa la oili. Watu walicheka, wakapiga makofi. Mke wangu Severina alitazama chini kwa haya, lakini nilimwona akitabasamu.

Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la jioni la watu wazima, Mbeya. Wakati huo nilipanga chumba kimoja mtaa wa Ilomba pamoja na Anyitike, fundi wa gereji ile ya Mbalizi. Yeye Mmoraviani, mimi Mkatoliki, na hilo halikutuzuia kusali pamoja. Kila jioni kabla ya kula yeye alitoa sala, nami niliitikia Amina. Aliniambia kwamba jina lake kwa Kinyakyusa ni jina la kuitikiwa: mama yake aliomba mtoto kwa muda mrefu, Mungu akaitika. Nililipenda sana jina hilo. Nilimpenda naye kama ndugu wa tumbo moja.

Ni yeye aliyenifundisha kuijua oili. Jioni moja nilirudi kutoka darasani na karatasi ya kukaushia wino, ile nene inayonyonya. Anyitike aliichukua, akadondosha juu yake tone la oili iliyotoka kwenye injini ya lori, kisha pembeni yake tone la oili ya lori jingine. Tulisubiri mpaka uji ukaiva. Tone la kwanza lilikuwa limeacha kiini cheusi katikati, na kukizunguka palikuwa na duara jeupe la mafuta matupu. La pili lilikuwa limesambaa, jeusi sawasawa, hadi ukingoni.

Aliniuliza ipi ni nzuri. Nilionyesha ile yenye duara jeupe, maana ilionekana safi.

“Ndivyo wanavyosema wote,” alisema. “Kaka, nguo chafu ukiitia kwenye maji ya sabuni, maji yakabaki meupe, utasema nguo imetakata?”

Akanieleza kwamba oili inayofua huwa nyeusi upesi kwa sababu inaung'oa uchafu kwenye vyuma na kuubeba, ili uumwage nje pamoja nayo. Ile isiyofua inauacha uchafu ulipo. Yenyewe inabaki inang'aa, na injini inakufa. Neno hilo la kufua lilikuwa lake. Sijalisikia kwa fundi mwingine. Niliilaza karatasi ile ndani ya kitabu changu cha sala, na nilipotubu dhambi zangu niliikumbuka mara nyingi.

Kwa hiyo nilipoiona injini ya kijiji ilivyo, nilimwambia mwenyekiti tumwite Anyitike. Mwaka ule mafuta ya kila aina yalikuwa adimu, na kupata pipa la oili nzuri kulihitaji mtu anayejuana na watu. Kijiji kilichanga mahindi, Anyitike akaleta pipa zima. Nililiandika ubavuni kwa rangi nyekundu, KIJIJI, kwa herufi kubwa. Herufi J zote mbili nilizigeuza upande wa pili, kosa ambalo mwalimu wangu alinisahihisha mara nyingi bila mafanikio. Anyitike aliziona akacheka mpaka akashika mbavu.

Alikagua injini akasema bado ina uhai. Tuimwage ile ya zamani, tutie mpya, tusage kwa siku chache tu, kisha tuimwage ikiwa moto, kabla uchafu haujatulia. Tutie tena, tumwage tena, mpaka itakapoanza kukawia kuwa nyeusi. Hilo pipa, alisema, litatosha kuifua kabisa na kutufikisha mwisho wa mavuno. Kisha akaenda Mafinga kwa shughuli zake, akiahidi kupita wakati wa kurudi.

Nilifanya kama alivyosema. Baada ya siku chache niliimwaga ile mpya ya kwanza ikiwa moto, mchana, kwenye debe, mbele ya wanawake waliopanga foleni na mahindi yao. Ilitoka nyeusi tititi. Nilifurahi moyoni, nikadondosha tone kwenye karatasi, likasambaa hadi ukingoni. Sikutazama nyuso za watu. Jioni hiyo maneno yalikuwa yamefika kila nyumba: oili tuliyochangia ilikuwa rangi ya asali, na hii je, imetoka wapi? Wengine walisema nimewauzia madereva wa malori ile nzuri, nikatia yao mbovu. Kilabuni walikuwa wakisema hata pombe ya ulanzi iliyolala wiki haiharibiki hivyo. Nilipopita, mtu mmoja aliniuliza, “Msomaji, leo umesoma nini ndani ya debe?”

Mwenyekiti aliitisha mkutano. Sikuogopa. Anyitike alikuwa amerudi asubuhi hiyo hiyo na lori kutoka Mafinga, na nilimwambia Severina kwamba Mungu amemleta kwa saa yake. Sikupata nafasi ya kuzungumza naye faraghani. Alikuwa amekaa na wazee. Mkutano ulipoanza aliombwa atoe sala, akaitoa vizuri, kwa sauti ile ile ya Ilomba. Niliitikia Amina kwa sauti kuliko wote.

Debe liliwekwa katikati, na pipa pembeni yake, bado limejaa karibu lote. Mzee Eliezeri aliuliza kwa upole, maana hakuwa mtu wa kuonea. “Fundi, oili nzuri, kwa siku chache hizi, inaweza kuwa hivi?”

Anyitike alitazama debe. Kisha akalitazama pipa, kwa muda mrefu zaidi. Mimi hakunitazama.

“Oili nzuri hukaa na rangi yake, mzee,” alisema. “Hii imechanganywa.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Aliendelea kusema kwamba hata iliyobaki ndani ya pipa hawezi kuiamini tena, maana hajui mikono gani imeigusa. Ataliondoa pipa lile aende nalo, na kwa heshima ya kijiji ataleta jingine bila mchango wowote. Watu walimshukuru.

Severina alisimama upande wa wanawake. Alisema yeye anafua kila wiki, na hajaona maji yaliyofua nguo ya shamba yakabaki meupe. Mwanamke mmoja akamjibu kwamba basi kuanzia kesho tuloweke kanga zetu kwenye oili, na kicheko kikammeza. Aliketi.

Ndipo nilipotoa karatasi kwenye kitabu cha sala.

“Anyitike, ndugu yangu,” nilisema, “tone limefika ukingoni. Ni wewe uliyenifundisha.”

“Karatasi hiyo siijui,” alisema. “Hayo ni ya darasani kwenu.”

Watu walicheka tena, yeye hakucheka. Mpaka leo najiuliza kama angecheka ningeumia zaidi au ningeumia kidogo. Aliinama akafunga mfuniko wa pipa, akaukaza kwa kiganja, kwa uangalifu, kama mtu anayefunga kitu chake.

Hawakunipeleka polisi. Mzee Eliezeri alisema hawana ushahidi wa mnunuzi, kwa hiyo nipumzike tu. Ufunguo wa chumba cha mashine akapewa Marcelino, mwanakijiji mwenzetu. Jumapili iliyofuata katekista alinifuata nje ya kanisa kabla ya ibada, akanishika mkono, akasema itafaa nikae kwanza na waumini mpaka maneno yatulie. Alimpa kijana wa shule somo langu. Nililijua somo lile kwa moyo, nilikuwa nimelisoma nyumbani wiki nzima. Nilikaa benchi la nyuma nikalisikia likisomwa haraka haraka, na watu wawili mbele yangu wakageuka kunitazama.

Pipa jipya lilikuja. Oili yake ilikuwa nyepesi, rangi ya asali, na ilibaki hivyo. Marcelino alichomoa kijiti cha kupimia oili, kila aliyetaka kuona akaona. Waliitana. Walisema, tazama, safi, kama ilivyotiwa. Mimi nilipolisikia neno hilo safi niliingiwa na hofu. Uchafu tuliokuwa tumeanza kuung'oa ulikuwa umelegea mle ndani, na sasa hapakuwa na wa kuubeba.

Nilimwomba Marcelino tone moja tu. Hakuwa mtu mbaya, alinipa. Karatasi ikaonyesha kiini cheusi, na duara jeupe likikizunguka. Nilimsihi aimwage, akatafute nyingine.

“Liberatus, niache,” alisema. “Yako ilikuwa nyeusi wakakutoa. Yangu safi. Sasa unataka nifanye nini?”

Nilifunga siku ile, nikaiombea injini, jambo ambalo padri angelicheka pengine.

Injini ilinoki katikati ya mavuno. Ilipiga kelele kama mtu anayegonga sufuria tupu, kisha ikasimama, na haikugeuka tena hata kwa mikono ya wanaume watatu. Ilipofunguliwa, njia ya oili ilikuwa imezibwa na yale matope, na beringi zimeungua. Jioni hiyo vinu vilisikika tena kijiji kizima. Nilidhani sasa wataelewa. Hapana, walisema oili yangu nyeusi ndiyo iliyoanza kuiua, hii nzuri ilikuja imeshachelewa. Severina alipotwanga, hakuna aliyekuja kupokezana naye mchi.

Hapo nikaamua kwenda Mbeya. Sikutaka pipa wala injini. Nilitaka neno lake moja tu mbele ya watu wale wale, nirudi kusimama pale mbele na kusoma. Njiani ndani ya basi nilisali rozari yote, nikimwandalia Anyitike udhuru: labda aliogopa, labda wazee walimtisha, labda alisahau.

Nilimkuta Ilomba, kwenye uwanja nyuma ya nyumba ile ile tuliyopanga. Palikuwa na lori la zamani, boneti limefunguliwa. Alikuwa amelinunua bovu, limetelekezwa miaka mingi, na alikuwa akilifufua. Alinipa mgongo, akizungumza na dereva. Alichomoa kijiti, kikatoka cheusi tititi, akadondosha tone kwenye kipande cha karatasi nene, wakaliinamia wote wawili.

“Unaona? Hadi ukingoni,” alimwambia dereva. “Usiogope weusi wake. Inafua.”

Pembeni mwa gurudumu palisimama pipa. Ubavuni lilikuwa na maandishi mekundu, na J zake zimegeuka upande wa pili.

Nilimwita kwa jina. Aligeuka, na kwa kitambo kidogo uso wake haukujua uwe wa namna gani. Kisha alitabasamu, akanisalimu, akauliza habari za Severina. Alimwaga maji ninawe mikono. Nilimwambia nilichojia: aje kijijini, aseme alichokuwa anasema sasa hivi kwa dereva, basi. Nilimwambia sitataja pipa.

Alifuta vidole kwa tambara, kimoja kimoja. Alisema lori lilikuwa linaoza, na mwaka ule oili ya namna ile asingeipata tena popote. Mimi ningepata kazi nyingine, kijijini watu husahau. Alisema nimjue, yeye hana roho mbaya.

“Tuseme tu yamepita, kaka,” alisema. “Njoo tule.”

Wali ulikuwa umeshawekwa kwenye mkeka, pale pale tulipokuwa tukikaa zamani. Aliinamisha kichwa, akatoa sala. Alishukuru kwa chakula, kwa safari yangu, kwa udugu wetu ambao Mungu ameulinda. Ilikuwa sala nzuri. Alipomaliza alingoja, kama alivyokuwa akingoja kila jioni. Dereva naye aliningoja.

Nilifungua kinywa. Nilijua neno ni moja, fupi, nimelisema tangu utotoni bila kulitafuta. Halikutoka. Anyitike aliinua macho akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ya debe, na tulikaa hivyo wali ukipoa. Kisha nilisimama, nikanawa mikono niliyokuwa nimeshanawa, nikaelekea kituo cha mabasi ya Iringa.