Magunzi Yangu Yamepika Muthokoi

...na uwabariki hata wale ambao hawajafika, Bwana, anasema Mzee Kilonzo, mwenyekiti wetu wa kisima, na watu wote wamefumba macho isipokuwa mimi na mama mkwe, kwa sababu amenivuta kitenge sasa hivi akaninong'oneza, "Nzisa, yale makaa yako ya magunzi yanashika moto vizuri, muthokoi ya wageni imeiva mapema," woi, makaa yangu! yale niliyochoma wiki mbili kwa pipa lililofunikwa, moto mkali, hewa kidogo, nikayaosha, nikayaanika, ndiyo yavute mabaki ya dawa kwa maji yetu ndani ya mtambo wa kuchuja, na mama ameyapikia mahindi na maharagwe, "lakini nimekurudishia ya jikoni, nimejaza mtambo mpaka juu," ati amenisaidia, na Halimo wa maabara huyo amesimama kando ya mtambo na chupa yake tupu, leo ndiyo kipimo, tukipita kila boma linapata mtambo... na uzikumbuke barabara zetu, Bwana... nikinyamaza nani atajua, makaa ni makaa, yote meusi, lakini tukianguka watasema magunzi ya Nzisa ni upuzi, na tukipita kwa bahati, je, ndio mbaya zaidi, tutakunywa tukijidanganya, sisi tunaotupa chooni kila kidonge tukipata nafuu, na choo kiko upande wa juu wa kisima, Wavinya wangu ana miaka minne na labda anakunywa dawa ya presha ya Mzee Kilonzo, naogopa, kweli naogopa, lazima niseme, lakini niseme aje, mama mkwe mbele ya wageni, na sufuria bado inatoa mvuke, na ametabasamu hivyo, ameamka saa kumi kunipikia watu wangu, siwezi kumwaibisha, hapana... sasa nimejua, nitasema ni mimi, nilikosa makaa ya magunzi nikajaza ya jikoni, wacheke, waniite mjinga aliyesoma, hiyo naweza kuibeba, magunzi yamejaa Kathiani yote, nitachoma mengine, Halimo arudi baada ya wiki mbili... na mifugo, Bwana, ng'ombe, mbuzi... endelea tu, Mzee, waombee hata kuku, mama ananikonyeza, namkonyeza pia, lakini ukitamka amina tu, nitasema kwa sauti: Halimo, usijaze hiyo chupa.