Sijaona Mkono

Kwetu Serbia "ne" ni hapana. Kwao Lefteris, Ugiriki, ni ndiyo. Msimamizi wetu Uwe, Mjerumani wa Hamburg, hulibandika mwisho wa kila sentensi kama "sivyo?" Neno hilo lilishamvunja mtu mguu hapa Vienna, tukalipiga marufuku. Tangu hapo mimi, mwendesha kreni, sishushi kitu mpaka aliye chini anyooshe mkono juu.

Alhamisi bamba la zege lilikuwa linaning'inia, pembe moja imeshagusa chini. Lefteris, anayeniongoza, alikuwa nyuma yake. Mashine zilikuwa zinanguruma, hakuna aliyemsikia mwenzake bila redio, na Lefteris hakuwa nayo. Nilisubiri mkono. Haukuja.

"Shusha, Radovan!" Uwe alifoka redioni. "Bado mabamba sita, ne?"

"Sijaona mkono."

"Mkono wa nini? Yuko pale, kofia yake naiona!"

"Kofia haina vidole, bosi."

"Nitakufukuza kazi leo hii!"

"Nifukuze. Halafu panda ngazi zote hizi uje ushushe mwenyewe."

Upepo ulianza kulitikisa bamba. Niliitoa mikono yangu kwenye vishikio vya kreni, nikaikalia, nisije nikashawishika.

Uwe alikwenda mwenyewe nyuma ya bamba, akinitukana redioni njia nzima. Ghafla matusi yakakatika. Kisha nikaona mkono ukinyooka juu, ukiniashiria nipandishe, taratibu.

Ulikuwa mkono wa Uwe. Wa Lefteris ulikuwa umebanwa chini ya bamba.