Fundi Nyasi wa Kenyamonta

Timu ya Ngao ya Kenyamonta haikuwa na mashine ya kukatia nyasi za uwanja. Ilikuwa na ng'ombe wa mzee Kisyeri. Kila Ijumaa kabla ya mechi ya nyumbani aliwaswaga wote kumi na wanne hadi uwanja wa shule ya msingi, akawazuia wasivuke mistari ya chokaa, na kufikia jioni nyasi zilikuwa fupi kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Hakuwa mchezaji wala kiongozi. Vijana walimwita Fundi Nyasi, naye hakukataa.

Ng'ombe hao walikuwa mahari ya mwanawe Nelson, mahari ambayo haikupelekwa kwa mtu. Nelson alivaa jezi namba tisa ya Ngao misimu minne, mpaka pikipiki ilipomuua kwenye barabara ya Nyambureti. Tangu hapo, kabla ya kila mechi ya nyumbani, Lilian, katibu wa timu, alisoma majina ya wachezaji kwa spika ya mkononi. Alipofika mwisho aliongeza, "Na Nelson Kisyeri," na watu wote waliozunguka uwanja waliitikia, "Yupo." Basi, mpira ukaanza.

Nyumbani jina hilo halikutajwa. Wegesa, mama yake Nelson, alikuwa amelifungia mahali ambapo mumewe hakuthubutu kubisha hodi. Kwa hiyo Kisyeri alilisikia mara saba tu kwa mwaka, na akaishi kwa hizo saba.

Jumapili hiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi ya wilaya, Ngao na Ringwani. Sare ingewatosha. Wakifungwa wanashuka, na Waitara, kipa na kapteni, alikwisha kusema wazi kwamba timu ikishuka hakuna timu tena: watatu wanahamia Ringwani, wengine wanakwenda machimboni, na yeye ana shemeji Sirari aliyemtafutia kazi ya kupakia magunia.

Ijumaa iliyotangulia Kisyeri hakupeleka ng'ombe. Ilikuwa imetimia miaka miwili tangu Nelson afe, akashinda anapalilia kaburi, na alipoinua kichwa jua lilikuwa linazama. Akajiambia, kesho. Jumamosi mvua ikanyesha kutwa nzima. Jumapili alfajiri, Wegesa akijiandaa kwenda kanisani, alimkuta mumewe anafungua zizi.

"Unawapeleka kwenye tope?"

"Nyasi zikiwa ndefu mpira hautembei."

"Na kwenye tope utatembea?"

Aliwapeleka. Ng'ombe wakajazana mbele ya goli la upande wa shule, ambako nyasi zilikuwa nene, wakakanyaga huku wakila. Kisyeri aliyaona mashimo ya kwato yakijaa maji. Alijaribu kuyafukia kwa mguu, akachoka. Saa sita jua likawaka, likakausha kingo za mashimo yale zikawa ngumu kama za chungu.

Saa kumi Lilian alisoma majina. "Na Nelson Kisyeri."

"Yupo," watu wakasema, na Kisyeri akasema pamoja nao.

Oduol, mchuuzi wa dagaa aliyekuja na mashabiki wa Ringwani, alisogea karibu naye. "Shikamoo mzee. Hivi huu ni uwanja au ni zizi?"

"Marahaba. Ni uwanja. Wewe angalia mpira."

"Naangalia, mzee. Naogopa tu nisikanyage mavi."

Watu walicheka, hata wa Kenyamonta. Walikuwa bado na nafasi ya kucheka. Mpira ulikuwa mzito, hakuna aliyemshinda mwenzake, na kila dakika iliyopita Kisyeri aliihesabu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja.

Zilibaki dakika tisa. Mchezaji wa Ringwani alipiga shuti la kuchoka, mpira ukaja unabiringika chini. Hata Agustina muuza karanga angeudaka. Waitara alipiga goti, akatandaza mikono. Mpira ukagonga ukingo wa shimo la kwato, ukaruka juu ya bega lake, ukaingia taratibu.

Upande wa Ringwani ukalipuka.

"Nani kafunga?" mmoja wao aliuliza.

"Ng'ombe," Oduol akajibu. "Mpeni jezi."

Kipenga cha mwisho kilipolia, hakuna mtu wa Kenyamonta aliyemlaumu Kisyeri. Walimpita wakitazama chini. Waitara ndiye aliyesimama, tope limemjaa kifuani.

"Baba, si wewe. Mimi ndiye niliyepaswa kuulalia mpira."

"Haya, mura," Kisyeri alimwambia kijana huyo. Afadhali angetukanwa.

Lilian alikuwa anatoa betri kwenye spika. Kisyeri alimngoja amalize.

"Mwaka kesho utasoma majina?"

Lilian alimtazama, akafunga mfuko. "Ya nani, baba?"

Nyumbani alimkuta Wegesa amekaa nje kwenye kigoda, uso umeelekea shuleni.

"Wamefungwa," Kisyeri alisema.

"Nimesikia. Kelele zilikuwa za wageni." "Jina nimelisikia. Leo upepo ulikuwa mzuri. Siku nyingine huwa silipati vizuri."

Kisyeri alikitazama kigoda. Miguu ya kigoda hicho ilikuwa imechimba vishimo vitatu ardhini, vya muda mrefu. Miaka miwili alidhani analisikia peke yake.

"Watalisoma tena lini?" Wegesa aliuliza.

"Hawatalisoma."

Wegesa aliitikia kwa kichwa, akainuka, akaingia jikoni kupuliza moto. Kigoda alikiacha nje.

Ijumaa iliyofuata Kisyeri alikuwa anawapeleka ng'ombe mtoni. Walipofika njia panda ya shule waligeuka wenyewe, kama walivyozoea, naye hakuwarudisha. Mistari ya chokaa ilikuwa imefutika. Mashimo ya kwato yalikuwa pale pale mbele ya goli, makavu, na nyasi zilikuwa zimeanza kurefuka bila kumkera mtu.

"Na Nelson Kisyeri," alisema, kwa sauti ya kawaida.

Ng'ombe mmoja aliinua kichwa, akamtazama, akarudi kwenye nyasi.