Mwaridi Kwenye Pikapu

Fundi wa kwanza wa bustani alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani. Alizunguka uwanja wa nyumba yetu mpya, akachota udongo uliochanganyika na mabaki ya saruji, akaupekecha kiganjani, kisha akasema tusubiri mvua ipite kwanza.

"Tusubiri mvua?" mume wangu alimaka. "Wazazi wangu wanakuja Jumamosi!"

"Basi watakuta udongo, baba. Udongo si aibu."

Fundi wa pili tuliletewa na wifi yangu. Watu walimwita Chapchap. Aliingia anaongea, akatoka anaongea. "Shemeji, mimi sipandi mbegu, napanda bustani! Asubuhi jangwa, jioni pepo." Mume wangu alicheka hadi akashika ukuta.

Mimi moyo wangu ulikuwa kwa yule mama, lakini sikusema. Mbele za watu macho yangu hukimbilia vidole vya miguu, na mume wangu alishazoea kunijibia. Nilichoweza ni kumnong'oneza jikoni, "Alete miche tuione kwanza."

Kesho yake pikapu iliingia kinyumenyume getini. Nilitoka na sinia la chai. Nyuma ya gari ilijaa miche mikubwa, mingine ina maua tayari, mizizi imefungwa kwa magunia mabichi. Pembeni kabisa ulisimama mwaridi mwekundu. Shina lake lilikuwa na kinundu, na ndani ya kinundu gome lilikuwa limekimeza kipande cha kitambaa cha kijani chenye madoa meupe.

Kitambaa hicho nilikichana mwenyewe kutoka kwenye kilemba cha mama yangu. Mwaridi ule ulikuwa wake, uliota karibu na mlango wa jiko lake. Alipofariki niliung'oa nikaupeleka kaburini kwake. Njiani shina lilivunjika, nikalifunga kama yeye alivyokuwa akinifunga vidole nikijikata, nikaupanda hivyohivyo huku nalia.

Sinia liliniponyoka.

"Ala! Shemeji, hiyo chai ya moto!"

"Huu umeutoa wapi?"

"Unasemaje?" Ilibidi ainame anisikie.

"Umeutoa wapi?"

Chapchap akamkonyeza mume wangu. "Siri ya kazi hiyo. Kitalu changu hakina mlinzi, na wenyewe hawalalamiki. Wamelala zao. Sasa maua kama haya yananyauka kule, nani anayanusa?"

Mume wangu alianza kucheka. Akaniona uso, akaacha.

"Huu ni wa mama," nilisema.

Tabasamu la Chapchap lilibaki pale pale, kama mtu aliyesahau kulivua. Mume wangu akakigusa kile kitambaa kwa ncha ya kidole. Alikifahamu, kilemba hicho mama alikivaa siku ya harusi yetu. Kisha akanishika bega, akasema kwa upole wake wote:

"Lakini umeshang'oka, mpenzi. Ukirudishwa labda utakufa. Tuupande hapa dirishani, uwe na mama kila siku."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka mwanzo, maana kwa kitambo kidogo nilitamani. Niliuona dirishani kweli, umechanua.

Halafu nikaona mche wa asumini uliokuwa nyuma yake. Gunia lake lilikuwa limefunguka, na katikati ya mizizi kilinasa kigari cha plastiki, cha kuchezea, kimepoteza gurudumu moja.

Nikapanda nyuma ya pikapu, nikakaa katikati ya miche. "Twende ukairudishe," nilimwambia Chapchap. "Yote."

"Shemeji, mambo madogo haya tunaweza..."

"Endesha," mume wangu akasema, akipanda kukaa karibu nami. "Kazi yetu umeshaikosa. Tutamngoja yule mama na mvua yake."

Makaburini palikuwa na mashimo kila upande, kama kuku wakubwa wamepekua. Shimo la mama nililijua, tukaushindilia mwaridi udongo kwa mikono. Nilipogeuka, Chapchap alikuwa amesimama na miche miguuni, anajikuna kisogo.

"Sasa," alisema polepole, "sijui upi nilitoa wapi."

Nilidhani anatania. Nikamwangalia, nikaona hatanii. Hakuwahi kusoma jina hata moja pale makaburini.

Nilichukua ule mche wa asumini nikaukumbatia, nikawa napita kwenye makaburi mafupi, ya watoto, natafuta lenye shimo. Yalikuwa mengi. Sikuwa nimefika mbali niliposikia lango la chuma likilia. Mwanamke wa umri wangu aliingia na ndoo ya maji na kikombe cha kumwagilia. Alinisalimia vizuri, kama wanavyosalimiana wenye kufiwa.

Kisha akatazama nilichokumbatia. Akakiona kigari.

Ndoo ilimponyoka, maji yakaja mpaka kwenye viatu vyangu. Nyuma yangu nilisikia Chapchap akiwasha injini ya pikapu.

"Dada," nilisema, nikimtazama usoni, "ngoja nikueleze."